Vitanzi vya Fundi Saa

"Huko unakokwenda, shoga yangu, mtakuwa mnafanya nini kutwa nzima?"

Jirani alimuuliza hivyo Bi Kimya siku ile anafunga mizigo kuhamia nyumba ya wazee. Alikuwa mjane, watoto wake wametawanyika kwa kazi zao, na ngazi za nyumbani zilikuwa zimeanza kuyashinda magoti yake. Swali lile alilipakia pamoja na nguo zake na kitabu cha sala, kwa sababu hata yeye alitaka kujua.

Hakuchukua muda kujua. Asubuhi walikaa kwenye viti kwa duara, wakanyoosha mikono na kuzungusha shingo. Wakitoka hapo, wenye nguvu walimwagilia mboga kwenye madebe yaliyopangwa uani. Wazee wa kiume waliketi kwenye drafti wakishutumiana wizi wa kete, na alasiri wanawake walivuta viti dirishani wakafuma. Bi Kimya alifuma na kutazama. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake ulikuwa mzito. Macho yake ndiyo hayakujua kupumzika.

Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kumwona Fundi Saa, mzee aliyekuwa mtengeneza saa, kasimama mlangoni, sindano mbili za kufumia mkononi.

"Fundi, umepotea?" aliuliza Mkunga, bibi aliyezalisha nusu ya mji kabla hajastaafu, na ambaye ulimi wake haukustaafu kamwe. "Drafti iko upande ule."

"Sijapotea. Nimekuja kufuma."

"Kufuma, au kutafuta mchumba?"

"Mchumba nikimtaka, Mkunga, nitamtafuta asiyekoroma. Ukuta wa chumba chako na changu ni mmoja."

Wanawake walicheka mpaka mabonge ya uzi yakadondoka mapajani. Fundi Saa akaketi karibu na Bi Kimya, akaomba kuonyeshwa pa kuanzia. Bi Kimya akamwonyesha. Hakuuliza kitu, ila moyo ulimwasha. Mzee huyu tangu aje alikuwa amekataa kila shughuli, anasema ni mambo ya chekechea. Leo sufu imemfanya nini?

Akamtazama. Mikono yake ilitetemeka, si sana, kama uji unaokaribia kuchemka. Alipopitisha uzi aliziba pumzi, kama mtu abebaye bakuli lililojaa. Na huko ukumbi wa chakula aliketi siku zote akiupa mgongo ukuta wenye saa, ile saa iliyokufa zamani na hakuna aliyejali kuizika.

Mwisho uvumilivu ukamwishia. "Fundi, hicho unachofuma ni kitu gani?"

"Sifumi kitu, Bi Kimya. Nafunza mikono."

Akamfunulia kiganja. Kovu jipya lilikuwa katikati. Bisibisi ilimteleza ikamchoma, na msimamizi wa nyumba, waliyemwita Mama Funguo kwa mzigo uliomning'inia kiunoni, akalichukua sanduku la vifaa vyake akalifungia kabatini.

"Kasema mikono ikitulia, sanduku litarudi. Mimi nimefufua saa zilizoopolewa kisimani, leo ile ya ukutani inanidhihaki kila nikitia tonge mdomoni."

Sasa, pale dirishani palikuwa na desturi. Ukiona kitanzi kimeponyoka kwenye kazi ya mwenzio, huulizi ni cha nani wala husemi neno. Mwenyewe akiinuka, unachukua kulabu, unakirudisha mahali pake, unaendelea na yako. Kusema ni kuaibisha. Kila alasiri Fundi Saa alipoitwa kuchuliwa mabega, kazi yake ilibaki kitini ina matundu kama nyavu, na Bi Kimya aliyaziba. Hakufikiri mara mbili. Angefikiri nini? Mkono ulikwenda wenyewe.

Fundi akirudi, akiinua kazi yake kwenye mwanga, uso ulimng'aa. Leo hakuna tundu. Kesho yake pia hakuna.

"Zinatii," alimnong'oneza Bi Kimya. "Mungu kanirudishia mikono."

Bi Kimya akaitikia amina, kisha akaificha kulabu chini ya bonge lake la uzi.

Siku Fundi alipoamua kwenda ofisini alimwomba afuatane naye. "Wewe ndiwe mwalimu wangu, uje ushuhudie." Mama Funguo aliichukua ile kazi, ambayo sasa ilikuwa imerefuka ikawa skafu, akaipitisha vidoleni taratibu, akaigeuza, akaipitisha tena.

"Haya, Babu, umenishinda. Hata tundu moja sijaona."

Akafungua kabati. Sanduku likawekwa mezani, dogo, la bati, pembe zimechubuka. Fundi alilitazama kama mzazi amtazamavyo mtoto aliyerudi safari. Bi Kimya akakiona kile kiganja chenye kovu kikinyooshwa, kinatetemeka, na bisibisi zimelala mle ndani zikingoja. Miaka yote alikuwa akiomba ulimi wake usiseme uongo. Kumbe na kimya kina ulimi.

"Mama, ngoja," alisema. "Vitanzi vingine humo ni vyangu."

Mkono wa Fundi ukasimama hewani. "Vyako vipi?"

"Vyako vilivyoponyoka. Niliviokota."

"Mwanzoni tu?"

"Mpaka jana, Fundi."

Fundi akaichukua skafu akaenda nayo kwenye dirisha la ofisi. Alikuwa ameishi na vitu vidogo maisha yake yote. Alipojua kipo cha kutafuta, alikitafuta kwa ncha ya kidole gumba, na vitanzi vya Bi Kimya vilikuwa vimekazwa kuliko vyake.

"Hiki chako."

"Ndiyo."

"Na hiki." Akaendelea kushuka, polepole, mpaka udadisi ukaanza kuishinda hasira usoni pake. "Hapa vinapungua."

"Vinapungua, ni kweli. Naapa sisemi kwa huruma; hapo vilivyokuponyoka ni vichache."

"Mbona hukuniambia?"

"Sisi wafumaji hatuambiani. Tunaokota tu."

"Sisi wa saa, ukigusa saa ya mwenzio unamwambia. Asipojua ulichokigusa, hatajua kinachoiharibu."

Mama Funguo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa mimi nifanyeje na hili sanduku?"

Fundi Saa alirudi mezani, akalisukuma sanduku kwa vidole viwili mpaka likafika upande wa Mama Funguo. Akachomoa sindano kwenye skafu, akashika ncha ya uzi, akavuta. Safu zikafumuka moja moja, zake na za Bi Kimya pamoja, naye akiuzungusha uzi kiganjani juu ya kovu, bila haraka, hadi ukawa bonge. Akalitia bonge kwapani, sindano mfukoni, akatoka kuelekea viti vya wafumaji.