Shemeji Ndani ya Injini

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, chai ikiwa bado haijaletwa, injini ilimmeza Clifford Pocock. Ndege hiyo ya kivita, ya kwanza ya aina yake kushuka wima, ilikuwa imefungwa minyororo juu ya shimo la majaribio, kusini mwa Uingereza. Injini ilianza na kofia, ukafuata mkono, ikamalizia na mtu. Damu ilitokea chini ya mbawa, ikawarashia mafundi wote viatu.

Wavu wa kukinga mdomo wa injini haukuwepo. Desmond Treloar, shemeji yake na fundi mwenzake, alikuwa ameufungua kwa amri ya mhandisi Ackroyd, maana ulipunguza nguvu. Lakini karatasi ya ukaguzi, yenye saini ya Desmond, ilisema upo. Mafundi walizoea kutia saini za wiki nzima Jumatatu, wapate kunywa chai kwa amani.

Walikunywa. Injini ilipowashwa tena, Clifford akasema kutoka ndani, "Shemeji, huku mbele kuna panga la injini lina ufa."

Walikagua, wakaukuta. Ackroyd alifurahi sana.

Desmond aliomba injini ifunguliwe mtu atolewe. Akaambiwa waziri anakuja Ijumaa. Basi akaomba karatasi irekebishwe, dada yake ajue ukweli.

"Saini ni yako, Treloar," Ackroyd alisema. "Tumwamini nani, wewe au wewe?"

Ijumaa Muriel, dada yake Desmond, alimletea mumewe mkate wa jibini. Akainama kwenye tundu la moshi.

"Umekonda?"

"Kidogo. Kuna joto, mke wangu."

"Cliff, nani alitoa wavu?"

Desmond alikuwa amesimama pale pale, akisikia.

"Wavu ulikuwepo," Clifford alisema. "Nilizembea mwenyewe."

Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawajafanya kazi kiwandani. Muriel aliitikia kwa kichwa, akafuta machozi, akamrushia mkate. Ukatoka makombo mekundu.

Waziri alisikiliza taarifa za Clifford, akaridhika, akauliza kila ndege itahitaji watu wangapi humo ndani.

"Wawili," Clifford akajibu kabla ya Ackroyd. "Nyuma sioni."

Mafundi walitazama viatu vyao. Desmond alitoa saa yake mfukoni, akampa dada yake amshikie, akaenda kusimama mbele ya mdomo wa injini.