Sababu Sita za Naima

Jumanne ya tarehe pili Desemba ndiyo iliyomharibikia Mwinjuma, muuza nazi wa Tandika. Naima, bintiye wa pekee, alirudi kutoka shuleni analia: kafeli Kiswahili, na waliofeli wote wanarudia kidato cha tatu, wasije wakaitia shule aibu kwenye mtihani wa taifa.

"Kiswahili? Wewe wa Temeke hii? Kwani ulijibu Kichina?"

"Baba, swali lilisema jadili kwa nini vijana wanahama vijijini. Nikaandika sababu sita."

"Za uongo?"

"Za kweli, ila nimetaja tu. Leo ndiyo wanasema, ukiambiwa taja, unataja unakwenda zako. Eleza, useme imekuwaje na kwa nini. Jadili, uchimbe, upime huku na huku, utoe na msimamo wako. Sie tangu mwalimu ahamishwe Februari, kiranja anatuandikia orodha ubaoni, tunanakili. Nani angetwambia?"

Mwinjuma akasonya. Vikao vya shule alikuwa akienda mkewe, marehemu Mwamvita. Yeye aliishia darasa la nne, na wakubwa wa ofisini aliwaona sawa na nazi mbovu: ukiitikisa inalia, ukiivunja inanuka. Safari hii akaenda mwenyewe.

Mkuu wa shule, Ansbert, alisimama mbele ya wazazi, tai imemkaba kama mbuzi wa mnadani.

"Mwalimu, hebu tueleze," Mwinjuma alisema. "Mwalimu wa Kiswahili mmekosa nyie. Kwa nini warudie wao?"

"Changamoto ni nyingi, mzee wangu. Kwanza, uhaba wa walimu. Pili, bajeti. Tatu, mwamko mdogo wa wazazi..."

"Ishia hapo! Hapo umetaja. Mie nimesema eleza. Mwanangu kataja sita kafeli. Wewe wa tatu tukupe ngapi?"

Watu wakavunjika mbavu. "Na yeye arudie kidato!" mama Filomena akapaza sauti kutoka nyuma.

Ansbert akafuta jasho. "Maamuzi yametoka juu," alisema, akaomba dua, kikao kikafungwa. Kicheko kikafia mlangoni.

Januari Naima akakaa na watoto waliotoka kidato cha pili, dawati lile lile, kiranja mwingine, orodha ile ile. Na Ansbert, haya hana, bado huja Tandika kununua nazi. Mwinjuma humchagulia, humfungia, kisha humuuliza lile lile:

"Mwalimu, huyo wa juu, yeye anasahihishwa na nani?"