Mita Moja ya Mwanzo

Shemeji yake alikuja na kitabu mkononi na haja moyoni, na Mama Waya aliviona vyote viwili kabla hajamkaribisha kiti.

Jina hilo la Mama Waya alipewa na wafanyakazi wenzake kwenye jengo la simu, alikofanya kazi ya kuunganisha nyaya miaka thelathini na mmoja hadi alipostaafu. Shemeji huyu, mume wa mdogo wake, sasa alikuwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mawasiliano. Mama Waya ndiye aliyemfundisha kazi, jinsi ya kuchuna waya bila kujikata vidole, na kijana alipojikata mara ya kwanza ni yeye aliyemfunga plasta. Lakini fadhila za punda ni mateke, na Mama Waya alikuwa ameshayapokea mengi.

Kitabu kilikuwa kizito, cha karatasi za kung'aa, juu yake pameandikwa kwamba ni historia ya intaneti nchini, jana, leo na kesho. Mkurugenzi alikifungua ukurasa wa tisa kwa madaha. Hapo palikuwa na picha ya mtaro wa kwanza, ule uliochimbwa kutoka jengo la simu hadi kilimani kwenye dishi la setilaiti. Chini yake maelezo yalisema mtaro huo ulichimbwa chini ya uongozi wa Mkurugenzi, wakati huo akiwa kijana mwenye maono.

Mama Waya aliivuta picha karibu na macho. Aliikumbuka vizuri. Mafundi walikuwa wanne, yeye na wanaume watatu, na wale watatu wote wameshatangulia mbele ya haki. Mkurugenzi aliajiriwa miaka miwili baada ya mtaro kufukiwa. Picha ilikuwa imekatwa upande wa kushoto, na mahali alipokuwa amechuchumaa yeye palibaki mkono tu, umeshika ncha ya futikamba.

"Huu mkono ni wangu," alisema. "Mwenye mkono yuko wapi?"

Mkurugenzi akajibu kwamba ni mambo ya wapiga chapa, nafasi haikutosha, na kitabu kimeshatoka nakala elfu tano. Kisha akaingia kwenye haja yake. Wiki iliyofuata kungekuwa na sherehe. Mbele ya wageni na kamera, katapila lingechimba mita za kwanza za mkongo mpya wa mawasiliano, ule utakaofika kila shule na kila zahanati. Tatizo lilikuwa pale nje ya jengo la simu. Upande wa barabara palipita bomba kuu la maji, kwa hiyo mtaro mpya ilibidi upite kati ya ukuta na bomba la nyaya la zamani, lile lililolazwa kwenye mtaro wa kwanza, ambalo ndani yake baadaye ulivutwa mkongo unaobeba mawasiliano yote ya nchi. Michoro ya serikali ilikuwa imeliwa na mchwa. Vipimo vilibaki sehemu moja tu duniani, kwenye daftari la Mama Waya.

Mwanamke akaweka sharti lake, na lilikuwa moja. Alitaka picha irudishwe nzima na majina ya wale wanne yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya kubandika.

"Shemeji, watu hawasomi majina ya wachimba mitaro," Mkurugenzi alisema, akicheka kidogo. "Halafu wewe unang'ang'ania mambo ya zamani. Mlikuwa mnatuma barua pepe mara moja kwa siku, mnazichapa na kumpa tarishi azipeleke kwa miguu. Hiyo nayo ni intaneti?"

Maneno hayo yalimchoma. Ni kweli modemu ilikuwa ikilia kama paka aliyebanwa mkia, na ni kweli barua zilipelekwa kwa miguu. Lakini daktari mmoja alipata jibu kutoka ng'ambo siku ile ile, na aliyepeleka jibu hilo wodini akikimbia ni Mama Waya. Hasira ilimpanda, akaihisi mpaka kwenye meno.

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari la shule lenye jalada lililokwisha rangi. Akalifungua mahali penyewe. Kutoka ukutani hadi bomba, mita nne.

Mkurugenzi akauliza kama kuna jambo lingine la kujua.

"Si ulikuwepo?" Mama Waya aliuliza taratibu.

"Nilikuwepo."

"Basi unajua kulisoma."

Hapo ndipo palipokuwa na siri, na kwa mafundi wale wanne haikuwa siri hata kidogo. Futikamba yao ilikatika siku ya pili ya kazi, mita nzima ya mwanzo ikabaki chini ya gurudumu la trekta. Waliomba nyingine, hawakuletewa. Basi wakawa wanaweka ukutani ncha iliyokatika, ile iliyoanzia alama ya mita moja, na kuandika namba wanayoisoma. Kila mmoja wao alijua kupunguza moja. Nne ya daftari ilikuwa tatu ya ardhini. Yeyote aliyeshika jembe kwenye mtaro ule alijua hivyo kama anavyolijua jina la mama yake.

Mkandarasi wa mkongo mpya alitaka kuchimba kwanza shimo la majaribio kwa mikono, kwa tahadhari. Mkurugenzi alimkatalia, akasema wageni hawatakuja kutazama watu wakiparua udongo. Akaamuru mtaro upite mita tatu kutoka ukutani, ili ibaki mita nzima ya usalama.

Siku ya sherehe Mama Waya alisimama nyuma ya kamba pamoja na wapita njia. Alikuwa na pochi yake kwapani. Mara mbili alifungua mdomo amwite yule mkandarasi. Mara ya pili Mkurugenzi alikuwa kwenye kipaza sauti, anasimulia jinsi alivyochimba mtaro wa kwanza kwa mikono yake hii miwili, na akaiinua. Mama Waya akafunga mdomo.

Katapila likashusha meno yake. Likapandisha udongo, likashusha tena, na safari hii likapanda na kipande cha bomba la plastiki chenye nyuzi zinazoning'inia. Kwa dakika moja hakuna aliyeelewa. Kisha matangazo ya moja kwa moja yakakatika, watu wakaanza kutikisa simu zao, na mfanyakazi wa hospitali ya jirani akatoka mbio akisema mafaili ya wagonjwa hayafunguki. Mama Waya alilisikia neno wagonjwa. Hilo hakuwa amelipigia hesabu.

Mkurugenzi alimwona kwenye umati. "Yule pale!" alisema mbele ya kamera zote. "Vipimo ni vyake. Daftari lake ni la uongo."

Mama Waya akavuka kamba. Akatoa kwenye pochi futikamba kuukuu, akamkabidhi. "Pima. Ulikuwepo."

Mkurugenzi aliivuta, akaigeuza, akatafuta sifuri. Aligeuza upande wa pili, akatafuta tena. Mkandarasi akaichukua mkononi mwake, akaweka ncha iliyokatika ukutani, akaivuta mpaka bomba lilipokatwa. Ilisomeka nne kamili. Mwandishi mmoja alikuwa na kile kitabu, akafungua ukurasa wa tisa, akautazama mkono ule, kisha akamtazama mama.

Ofisa wa usalama ndiye aliyemsogelea. Hakuwa mkali. Alimuuliza kama alijua kwamba watakata.

"Nilijua," alisema. "Na yeye angejua, kama angekuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo. Sasa mniache niingie shimoni, nionyeshe wapi pa kuunganishia. Wale wagonjwa hawana kosa."

Ofisa akasema ataingia, lakini kwanza kuna maelezo, kwa sababu kuhujumu mawasiliano ya taifa ni kosa kubwa. Akafungua fomu, akaomba jina lake kamili, la ukoo likiwemo.

Mama Waya alivua viatu, akavipanga pembeni ya mtaro. Kisha akataja majina yake yote matatu, polepole, herufi kwa herufi, na akamtaka ofisa amsomee alichoandika. Ofisa akasoma. Hakuwa amekosea hata moja.

"Hapo sawa," alisema, akashuka shimoni.