Jeneza la Jumatano

Mjomba Rante alikaa nasi ndani ya nyumba ya ukoo miezi kumi na minne baada ya kukata roho. Mwili wake ulitiwa dawa usioze, na hakuna aliyemwita maiti. Alikuwa mgonjwa, na binti yake Banne, mwalimu wa shule ya msingi, alimpelekea kahawa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akamsimulia vituko vya wanafunzi wake. Kwetu milimani Toraja mtu hufa siku anayozikwa, na siku hiyo ukoo ulikuwa umeshaipanga: Jumatatu ya mwisho ya Julai. Ndugu walishaomba ruhusa kazini, wengine wakitoka mbali kama Papua.

Siku nne kabla, Banne akasikia kwa fundi aliyejenga mabanda ya wageni wa msiba kwamba mazishi yamesogezwa hadi Jumatano. Aliyeyasogeza ni kaka yake Tandi, anayefanya kazi kwa wakala wa utalii bandarini Palopo. Meli ya watalii ilikuwa imecheleweshwa na dhoruba, na abiria wake mia mbili walikuwa wameahidiwa kuona jeneza likibebwa.

Banne alimkuta Tandi uani akipima mahali pa kugeuzia mabasi.

"Umeahirisha mazishi ya baba kwa ajili ya meli?"

"Siku mbili tu, dada. Baba amesubiri mwaka mzima."

"Alikuwa anatusubiri sisi."

Tandi akamweleza taratibu, kama anavyowaeleza wageni wake. Mwaka juzi zilitia nanga meli nne, mwaka huu kumi na tisa, na mwakani zitazidi, maana Asia nzima watu wanapanda meli. Kijiji kinachokataa kinarukwa.  Banne aliingia ndani akawapigia simu ndugu mmoja mmoja, akawaambia Jumatatu ni ile ile. Sauti yake ilikuwa tulivu. Mimi nilikaa kando yake nikimsomea namba.

Jumatatu tulimzika. Tandi alikuja, akabeba upande wa mbele, akalia kama sisi. Tukadhani yamekwisha.

Kesho yake akanifuata, anataka wanaume ishirini wa kubeba. Tubebe nini, nikamuuliza, na mjomba yuko kaburini, pangoni juu mwambani? Akasema jeneza jingine lipo, na vigogo vya migomba vitatosha kulitia uzito. Naona aibu kusema nilikubali. Tandi ndiye mkubwa wetu, na tangu utotoni nilizoea kumtii.

Jumatano saa nne mabasi matano yakafika. Tukalinyanyua jeneza, tukaliyumbisha, tukapiga kelele zile zile za Jumatatu. Wageni wakapiga picha. Wengine walifuta machozi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Ndipo Banne, aliyesikia kelele, akaja kutoka shuleni, vidole vimejaa chaki, akasimama katikati ya njia.

"Wekeni chini."

Tandi alimsogelea, akamwomba kwa sauti ya chini asimwaibishe mbele za watu.

"Watu gani? Waliomjua baba walikuwa hapa juzi."

Tukaliweka. Alifungua kifuniko mwenyewe. Vigogo vilikuwa bado vinatoa utomvu, vimeviringishwa kwenye kitambaa chekundu tulichomzika nacho mjomba. Hilo hata mimi sikulijua. Banne alikitazama, kisha akamtazama kaka yake.

"Ulimvua baba."

 Wageni hawakuhitaji tafsiri. Mzee mmoja wao akavua kofia, wote wakarudi kwenye mabasi.

Iliwabidi wazee wachinje nguruwe wa kuomba radhi kabla kaburi halijafunguliwa tena. Banne alipanda ngazi ya mianzi na kile kitambaa, mimi nikaishika chini. Mwaka uliofuata meli zilipelekwa kijiji kingine, na wapo wanaompita Banne sokoni bila salamu. Tandi alihamia Palopo. Mimi bado naishi nyumba ya tatu kutoka kwa Banne, na hadi leo hajanisemesha.