Isabel Aliyezeeka

Isabel wa kwanza katika ukoo wa Hedley alizama mtoni akiwa na miaka sita. Wa pili, binti wa Lorna, alifariki kabla hajatimiza mwezi, moyo wake ukiwa na tundu. Sasa mdogo wake alikuwa amelala kwenye sanduku la kioo hospitalini, moyo una tundu kama la dada yake, na bado hakuwa na jina.

Craig, mume wa Lorna, alishikilia awe Isabel. Ndilo jina la ukoo.

"Sitamzika Isabel mwingine," Lorna alimwambia. "Ataitwa Ibota."

Jina hilo alilikuta kanisani kijijini kwao akiwa mjamzito, alipoingia kujikinga na mvua. Lilichongwa kwenye jiwe la kaburi la karne nyingi, chini ya sura ya bibi kizee. Kasisi alimweleza kwamba zama hizo kina Isabel waliitwa hivyo, na kwamba huyu wajukuu wake ndio waliomzika. Lorna alisimama pale hadi mvua ikakatika. Kumbe yupo Isabel aliyezeeka.

Asubuhi ya upasuaji, mama mkwe wake, Edna, aliposikia, aliguna.

"Ibota? Hilo jina la mbuzi, Lorna! Shule nzima itamcheka."

"Na wamcheke, Mama. Afike tu huko shule, wamcheke mpaka wachoke."



Mtoto alipoingizwa chumba cha upasuaji, Craig alitoka nje, hakuweza kukaa. Lorna alibaki kwenye benchi akilirudia jina lile midomoni bila sauti, akiogopa kwamba akiacha, kitu kitakatika. Edna akaja, akaketi karibu naye.

"Hebu nifundishe tena."

"Nini, Mama?"

"Hilo jina lako la mbuzi. Nataka kumwombea. Lakini nikisema Isabel tu, namwona wangu vile walivyomtoa majini, nywele zimejaa matope. Nashindwa kuendelea."

Lorna hakuwahi kumsikia akimtaja binti yake aliyezama. Akamshika mkono.

"I-bo-ta."

"Ibota," Edna alisema. "Mungu, huyu anaitwa Ibota. Usimchanganye na wale."

Daktari alitoka jioni, barakoa ikining'inia shingoni. Tundu lilikuwa limezibwa. Moyo ulisimama katikati ya kazi, wakauamsha. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Mtoto aliishi. Alirudi nyumbani majani yakipukutika, mwembamba kama kifaranga, na majirani wakaleta keki na maua. Lorna aliwashukuru kwa kichwa tu. Alishinda kando ya kitanda, kiganja juu ya kifua chenye mshono, akisikiliza. Craig alipomwambia, "Kalale basi, mpenzi, amepona," alimtazama kama mtu asiyemjua, wala mkono hakuuondoa.