Mkono wa Aden

Muhdhar aliinua karatasi kwenye mwanga wa mlango wa ghala, akaigeuza, akaitazama na nyuma. Herufi zote zilikuwa sawasawa, kama meno ya kitana.

"Hini haina mkono," alisema. "Ni nani alotia sahihi?"

"Mashine haitii sahihi, mzee," alijibu Musyoka, karani wa teleksi, mashine ya kupeleka maandishi kwa waya, iliyonunuliwa mwaka ule, 1966. "Jina si hilo hapo chini? Aidarus, wakala, Aden. Hati yenyewe iko kwenye meli ya posta, imechelewa. Anasema tende zitolewe."

"Jina la mtu laandikwa na yeyote."

Nje, Kenga na mahamali wenzake walikuwa wamekalia mikokoteni yao tangu asubuhi. "Mzee Muhdhar!" aliita. "Ramadhani ni kesho kutwa! Tende zitaota mitende humo ndani!"

Musyoka alishusha sauti. "Tajiri amesema ukikataa, nichukue funguo."

Muhdhar alizishika funguo kiunoni. Hakuwahi kumwona Aidarus uso kwa uso. Alimjua kwa wino. Tangu ujana wao kila mzigo ulifika na hati yenye sahihi yake, naye Muhdhar akarudisha nakala yenye sahihi ya kupokea. Mkia wa sini, herufi ya mwisho katika jina la Aidarus, ulipinda kama ndoana. Mwaka huu mkia ule ulianza kutetemeka. Katika hati ya mwisho ulikatika njiani. Huenda mtu huyo amekufa, na jina lake linatumiwa na mwingine. Mlinzi wa ghala akikosea, mzigo ni juu yake.

"Mashine yako yaweza kuuliza?"

"Inaweza."

"Basi twende."

Ofisini, katika barabara ya Ndia Kuu, Musyoka alikaa mbele ya mashine. "Niulize nini?"

"Uliza mkono wa Sheikh Aidarus haujambo."

"Hii ni mashine ya biashara, mzee."

"Na hini ni biashara."

Musyoka aligonga kwa Kiingereza. Kisha mashine ikaanza kupiga yenyewe, Muhdhar akarudi nyuma. Karani alifasiri polepole, mstari kwa mstari.

"'Baba hawezi tena kushika kalamu. Mimi ni Khairiya, binti yake. Yeye anasema, mimi napiga chapa. Anauliza: huyo ni yule wa Mombasa anayekaza nukta mpaka karatasi inatoboka?'"

Muhdhar aliutazama mkono wake wa kulia.

"Nijibu nini, mzee?"

"Mwambie ndiye."

Ghala lilifunguliwa kabla ya adhuhuri. Makanda ya tende yalipita migongoni mwa mahamali, Kenga akihimiza na kutania. Muhdhar alikunjua karatasi ya teleksi juu ya kanda moja. Haikuwa ya kurudishwa popote. Chini ya jina la Aidarus akaandika lake, kwa herufi za Kiarabu, na mwisho akatia nukta ya dhadi, herufi ya katikati ya jina hilo.

Akaiinua tena kwenye mwanga wa mlango. Katikati ya herufi zile zilizolingana, palikuwa na kitundu kimoja cheupe.