Kitambaa Kwenye Mdomo wa Turbo

...nusu mzunguko tu, usizidishe, mpira hupasuka, ndivyo alivyokuwa akisema marehemu mkewe, naye anageuza bisibisi nusu mzunguko, kibanio cha mwisho kinalishika bomba jipya la hewa kwenye mdomo wa turbo, na kutoka kwenye usukani shemeji yake, mdogo wa marehemu, anauliza, "Niwashe?", na hapo bisibisi inasimama, kitambaa, kile kitambaa, alikitoa au hakukitoa... Saa nne, bomba la zamani lilipotoka, aliuziba mdomo wa turbo ili isidondokee ndani hata nati moja, akauziba kwa kipande cha gauni la kijani la mkewe, maana gereji haikuwa na kitambaa kingine, au kilikuwapo na hakukitafuta, halafu akahangaika na filta mpya, skrubu ikagoma, akaenda kunawa, akarudi, na sasa kila kitu kimefungwa, injini ikiwaka tu feni ya turbo itakivuta kitambaa na kujisaga, na gari la mkewe litakuwa chuma chakavu. "Shemeji, unalikaza bomba au unalibembeleza?" Mkewe hakuwahi kusahau, alifunga uzi mwekundu, ncha moja kwenye kitambaa, nyingine kwenye kifundo cha mkono, akafanya kazi kama mbuzi aliyefungwa malishoni, na yeye, mhadhiri wa takwimu, alimcheka, mtu mzima hajui alichokiweka mwenyewe? naye akajibu bila kuinua kichwa, "Msomi husahau kwa ufasaha zaidi, mume wangu"... Bomba hili aliliagiza mkewe, likafika wiki tatu baada ya mazishi, jina lake juu ya boksi, mpokeaji atie sahihi, akatia, akajiambia nitalifunga kwa mikono yangu, nitausikia huo mluzi wa turbo aliousubiri, mara moja, halafu basi. Uzi hakuufunga. Na ile Jumamosi mkewe alisema kichwa kinamwuma upande mmoja, jicho linaona ukungu, twende hospitali, na yeye, kalamu mkononi, anasahihisha mitihani, akasema ngoja, Jumatatu daktari bingwa atakuwepo, na Jumatatu daktari alipouliza yalianza lini akajibu leo, saa mbili asubuhi, saa kamili kabisa, mtu wa takwimu, akaificha Jumamosi, na hajamwambia mtu, hata huyu anayemwita shemeji, Jumamosi imo ndani, imekazwa, haina uzi wa kuivutia... "Shemeji, kuna nini huko?" Anapapasa mfukoni, funguo za nyumba, nati mbili, hakuna kitambaa, sakafuni hakuna, basi kimo ndani. Kibanio hiki kitalegea kwa mizunguko minane, kitambaa kitatoka kijani vilevile, bomba litarudi, mluzi utalia, utasikiwa na watu wawili ambao hawakuuagiza, na alidhani nini, kwamba sauti ikitoka mkewe naye atafuata? Bisibisi ingali kwenye kichwa cha skrubu, mkono wa shemeji ungali kwenye ufunguo. "Ngoja," anasema, neno lilelile, kwa sauti ileile, ya mtu asiyeinua macho, na safari hii limefaa, limeokoa chuma.